Bi Mdogo wa Chumba cha Mashine

Bi Mdogo aliletwa mchana kweupe, juu ya lori, amefunikwa turubai gubigubi kama mtu anayekwepa macho ya majirani. Wanaume walimteremsha kwa kamba, mbao na matusi, wakampitisha mlango wa nyuma wa kiwanda cha uchapaji, na mmoja wao akachubuka goti. Gumba alisimama pembeni, mikono kiunoni, akitazama. Tusizungushane: hakuwa mwanamke. Alikuwa mtambo wa kulishia karatasi, wa mtumba, wa rangi ya kijani iliyobabuka, wenye pampu tumboni na safu ya vikombe vidogo vya mpira mbele, kama midomo iliyobenuliwa. Lakini turubai lilipovutwa, na Gumba akamwona mumewe anauzunguka ule mtambo taratibu, akiupapasa ubavuni kwa kiganja, moyo wake ulipiga pa.

"Mzuri," alisema mumewe.

Hakuwa na mazoea ya kusema neno hilo.

Pale kiwandani mumewe aliitwa Fundi na kila mtu, mkewe akiwemo. Mwenye kiwanda alikuwa kaka yake mkubwa. Wengine walimwita Bosi, Gumba alimwita Shemeji. Na Gumba jina lake lilitoka kwenye kidole. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeilisha mashine ya kuchapia, kwa mkono, karatasi moja moja. Alisimama kwenye ubao ulioinuka, bunda la karatasi limemfika kifuani, akaipepea kona ya bunda mpaka karatasi zikaachana, kisha kidole gumba kikaitelezesha ile ya juu. Upepo uliingia chini yake, karatasi ikaelea, ikashuka yenyewe kwenye meno ya mashine, na meno yakaibeba. Kabla haijamezwa, gumba lilikwisha gusa ya pili. Hakutoa mbili kwa pamoja. Siku alizotoa mbili kwa pamoja zilikuwa chache kiasi kwamba watu walizikumbuka kama wanavyokumbuka mafuriko.

Upande wa pili wa mashine alisimama Fundi, macho kwenye wino. Mashine ile ilikuwa na kelele za kutosha kuziba masikio ya ukoo mzima, kwa hiyo hawakusemezana kwa mdomo. Fundi akiinua nyusi, Gumba anapunguza mwendo. Gumba akitikisa kidevu, Fundi anajua wino umepungua kushoto. Wakati mwingine Fundi alikonyeza jicho bila sababu yoyote ya kikazi. Zamani, Gumba alipokuwa bado msichana wa meza ya kushonea vitabu aliyeazimwa kulisha karatasi kwa siku moja, Fundi aliizima mashine katikati ya kazi, yeye ambaye hakuizima hata paa lilipovuja, ili amuulize kama ana mchumba. Harusi ilifanyika kwingine. Ndoa iliishi pale, kati ya bunda na wino.

Sasa ubao ule ulifunguliwa nati, ukaegemezwa ukutani, na mahali pake akaingizwa yule wa kijani.

"Shemeji, usininunie," alisema Bosi. Alikuwa mtu wa kitambi na haraka, daima ana kalamu sikioni. "Nimepata kazi kubwa ya vitabu vya hesabu vya watoto. Hilo gumba lako nalipenda, lakini halitatosha."

"Gumba hili limekujengea kiwanda."

"Ndiyo. Sasa lipumzike. Utarudi meza ya kushonea, kwenye kivuli, umekaa. Kuna ubaya gani?"

Gumba alimtazama mumewe. Alitegemea aseme neno, hata la kuzuga. Fundi alikuwa amepiga magoti, kichwa ndani ya tumbo la mtambo, anatafuta mahali pa kutia grisi.

Meza ya kushonea ilikuwa chumba cha pili, na mlango wa kati haukufungwa kamwe, kwa hiyo ukikaa kwenye kiti cha kushoto unaona mashine yote. Gumba alichukua kiti cha kushoto. Mbele yake alikaa Mama Gundi, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kifua, aliyepaka gundi migongo ya vitabu tangu enzi za Bosi wa kwanza, baba yao akina Fundi.

"Karibu tena nyumbani, Bi Mkubwa," alisema Mama Gundi. "Nimesikia mumeo kaongeza jiko."

"Usinianze."

"Mimi sikuanzi. Mwangalie mwenyewe bwana harusi. Kavaa shati lililopigwa pasi."

Kweli, shati lilikuwa limepigwa pasi. Na Gumba ndiye aliyelipiga, bila kujua anampigia nani.

Jina la Bi Mdogo likashika siku hiyohiyo. Mpaka Bosi akawa anauliza, "Bi Mdogo anaendeleaje?" na watu wanacheka, na Fundi anacheka nao. Gumba alivuta uzi, akakata kwa meno.

Ukweli ni kwamba Bi Mdogo alijua kazi. Hilo ndilo lililomkera. Angekuwa mbovu, mwenye kukwama na kurarua, Gumba angemhurumia, angemletea hata kitambaa cha kufutia. Lakini jinsi alivyofanya! Kwanza alipuliza pumzi ubavuni mwa bunda, fuu, karatasi za juu zikatetemeka na kuachana. Kisha mkono wa chuma ukainama na vikombe vyake, vikagusa karatasi ya juu, pampu ikavuta, karatasi ikanata kwenye midomo ya mpira na kuinuka bila kelele. Tsss, na imekwenda. Fuu, tsss. Fuu, tsss. Hakuchoka, hakuwashwa na pua, hakuhitaji kwenda msalani. Alikuwa amemwibia kila kitu, mpaka ule upepo wa chini ya karatasi ambao Gumba alidhani ni siri yake na Mungu.

Nyumbani ikawa habari ni moja.

"Leo kaamka vizuri," Fundi alisema akivua viatu. "Asubuhi alikuwa na kikohozi kidogo, nikamfungulia pampu, nikamsafisha kichujio. Ungemsikia!"

"Nilimsikia. Nipo chumba cha pili, sipo nchi ya pili."

"Unajua kinachonishangaza? Hatumii nguvu. Anaipuliza kwanza karatasi, anaibembeleza, ndipo anaibusu."

Gumba aliweka sahani mezani kwa kishindo. "Kula."

Fundi alikula huku anachora mirija kwa kidole juu ya meza. Gumba alikuwa amesuka nywele siku hiyo, misuko myembamba iliyomkalisha sakafuni kwa jirani mpaka makalio yakafa ganzi. Fundi hakuona. Alikuwa mtu wa kuona tone la wino lililozidi kwenye herufi ndogo kuliko siafu, na kichwa kizima cha mkewe kikampita.

Kisha ikaja habari ya poda. Gumba alikuwa anakusanya nguo za kufua, akainusa kola ya shati la mumewe, kama anavyoinusa kila mara kujua kama lingeweza kuvaliwa tena. Haikunuka mafuta wala wino. Ilinukia vizuri. Ilinukia poda ya kuogeshea watoto, na wao nyumbani hawakuwa na mtoto mchanga.

"Fundi. Hii poda ya nani?"

"Poda ipi?"

"Hii iliyoko shingoni kwako."

"Aa, hiyo!" Uso wa mwanamume ukachanua. "Ya vikombe. Mpira ukikauka unapasuka, kwa hiyo jioni navipaka kidogo kwa brashi laini. Nimenunua ile nzuri, ile ya kopo la waridi."

Gumba alisimama na shati mkononi. Ingekuwa ni mwanamke, angejua la kufanya. Angemfuata, angemwita nje, angevua hereni kwanza. Lakini utamvulia nani hereni, pampu? Kijiba kikakaa rohoni, kikajitandikia, kikalala.

Kesho yake saa ya chakula watu walitoka wote. Fundi alikwenda kununua mkanda wa pampu. Gumba akabaki mezani akisema ana kazi ya kumalizia. Aliingia chumba cha mashine na sindano yake ya kushonea vitabu, ile nene yenye kichwa cha mbao. Bi Mdogo alikuwa ametulia, vikombe vimeinama, vyeupe kwa poda.

"Umependeza," Gumba alimwambia.

Alichagua kikombe cha pembeni kabisa. Vya katikati vina majirani. Kimoja kikilegea vingine vinakibeba. Cha pembeni hakina wa kukisaidia. Alikibana kati ya vidole, akatoboa kwenye ukingo, haraka, na mpira ukajifumba juu ya tundu kana kwamba hakuna kitu. Kicheko kikampanda kooni, akakimeza.

Mchana ule vitabu vya hesabu vilichapwa rangi ya pili. Ukurasa ulikuwa na machungwa ya kuhesabia. Mstari mweusi umeshachapwa, sasa inafuata rangi. Kona moja ya karatasi ikawa inaachiwa kidogo tu, karatasi inaingia imepinda, na rangi ikatua kando ya machungwa, kama mtoto aliyepaka rangi akiwa ndani ya gari. Fundi akazima mashine.

Gumba aliinua macho kutoka kwenye uzi. Sasa ndipo, alijisemea. Sasa atamtukana, atampiga teke, ataita watu waurudishe ubao wangu.

Fundi hakutukana. Aliinama, akaweka mkono juu ya kifuniko cha pampu, na kwa sauti ambayo Gumba alikuwa hajaisikia tangu mama mkwe wake alipolazwa hospitali, akasema, "Una nini leo, mama?"

Kisha akachomoa mrija mmoja baada ya mwingine, akautia mdomoni, akafumba macho, akavuta kwa pumzi zake kutafuta penye kuvuja.

"Ehee," alisema Mama Gundi taratibu. "Mpaka mdomo kwa mdomo."

Sindano ikamchoma Gumba kwenye kidole.

"Gumba!" Fundi aliita. "Gumba, njoo basi!"

Naye aliruka, tusimfichie, aliruka kama msichana wa zamani. Kiti kilianguka nyuma yake. Alikuwa ameitwa. Yeye ndiye aliyeijua karatasi kuliko wote, na mumewe alipokwama alimwita yeye. Alifika anafuta mikono kwenye aproni, tayari na maneno: angalia kona ya kulia, Fundi, inaachiwa mapema.

"Nishikie tochi," alisema Fundi.

Alishika tochi.

"Inua. Hapana, chini. Hapo. Hapohapo usitikisike." Alikuwa anasema naye bila kumtazama, kama mtu anayezungumza na msumari wa ukutani. Gumba alisimama pale mpaka jua likahama dirisha moja hadi jingine, akimmulikia mumewe uso wa mke mwenzake. Mara moja mwanga ulimteleza, ukamwingia Fundi machoni. "We, vipi?" alisema Fundi. "Samahani," alisema Gumba, na hilo ndilo neno la mwisho la aina hiyo alilolitoa katika mkasa huu.

Fundi hakuliona tundu. Mpira uliotobolewa kwa sindano haufunguki mpaka uvutwe. Mwisho alibadilisha kikombe kile kwa kubahatisha, akaweka kingine kutoka kopo la akiba, mashine ikaenda, na Fundi akapiga kifuniko makofi mawili ya upole. Gumba akazima tochi mwenyewe.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Aliona kwa macho yake: Bi Mdogo akiugua, ndipo anapendwa zaidi. Lakini wivu una akili zake nyingine. Siku iliyofuata alitoboa cha upande wa pili. Fundi akahamishia chakula chake chumba cha mashine. Akachukua kigoda, akakaa pembeni, sahani mapajani, anatafuna na kusikiliza, kama mtu aliyemkalia mgonjwa wodini. Gumba alimwangalia kupitia mlango ule usiofungwa. Miaka yote aliyosimama juu ya ubao, miguu imevimba, mgongo unawaka, hakuna siku Fundi alileta chakula akala karibu naye. Walikula kwa zamu ili mashine isisimame.

"Huli?" aliuliza Mama Gundi.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujafungua kopo la chakula? Mwanangu, unaona gere na chuma. Chuma! Utakufa na presha ya bure."

"Niache."

"Nakuacha. Lakini usije ukafanya jambo."

Gumba alikuwa ameshaamua jambo.

Saa ya chakula iliyofuata Fundi aliitwa ofisini na kaka yake kuulizwa kazi itaisha lini. Gumba aliingia, na safari hii hakuchagua kikombe. Alianza cha kwanza akamaliza cha mwisho, safu nzima, kisha akafungua kopo la akiba akavitoboa na vya humo. Hakuharakisha. Mkono wake ulifanya kazi kwa utulivu, tup, tup, tup, geuza. Tup, tup, tup, geuza. Ilikuwa ni raha ambayo hakuitegemea. Poda ilimpaka vidole na akaifutia kwenye aproni.

Mashine ilipowashwa, Bi Mdogo alipuliza fuu, akainama, akavuta, karatasi ikainuka nusu na kuanguka. Akainama tena, akanyanyua tatu pamoja, zikaingia kwenye meno zimekunjana, na kitu ndani kikalia kraa. Fundi alipiga swichi. Aling'oa kikombe, akaweka kingine cha akiba. Fuu, kraa. Kingine. Fuu, kraa. Bosi akatoka ofisini mbio, kalamu ikamdondoka sikioni.

"Nini tena? Kesho wanakuja kuchukua mzigo!"

"Vikombe."

"Vikombe vina nini?"

Fundi aling'oa vyote, akavipanga juu ya karatasi nyeupe, kisha akachukua kimoja akakivuta kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakiweka. Akachukua kingine. Watu wa meza ya kushonea walikuwa wamesogea mlangoni, Mama Gundi mbele, Gumba nyuma yake.

"Panya," alisema Bosi. "Nilisema tulete paka. Panya wanapenda mpira."

"Panya gani, kaka," alisema Fundi polepole, "anayepima nafasi?"

Akawaonyesha. Kila kikombe kilikuwa na matundu matatu ukingoni, yamepishana sawasawa, lile la katikati katikati hasa, kana kwamba yamewekewa alama kwa penseli. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila aliyekaa kwenye meza ile aliyajua matundu hayo. Ndiyo yanayotobolewa kwenye mkunjo wa kurasa kabla ya kupitisha uzi. Msichana anafundishwa kuyapanga hivyo mpaka mkono hauwezi tena kutoboa ovyo, hata ukitaka. Gumba hakutaka wala hakukataa. Hakuwaza. Alitoboa mpira kama anavyotoboa kitabu.

Mama Gundi alikohoa, akatazama dari.

Bosi aligeuka. "Shemeji. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Mama Gundi alisogea, Gumba akabaki mbele ya wote.

Bosi alikunja mikono ya shati, akaikunjua. Alikuwa na hasira, lakini alikuwa pia na shemeji, na alitafuta njia ya katikati kama kawaida yake. "Sikiliza. Sitaki polisi wala sitaki aibu ya familia. Kazi imeharibika, hawa wenzako watabaki hapa kuifanya upya. Omba radhi, mbele ya watu wote, useme hutarudia. Urudi kwenye sindano yako, na mimi nisahau. Ukikataa, vua aproni uende nyumbani. Sina cha tatu."

"Sema tu, mwanangu," Mama Gundi alinong'ona. "Ni maneno, yanatoka mdomoni, hayatoki mfukoni."

Lakini Gumba hakuwa anamsikiliza yeyote kati yao. Fundi alikuwa amemgeukia. Alikuwa na kikombe kimoja bado kiganjani, poda kwenye nyusi, na alikuwa anamtazama. Si anaangalia upande wake. Anamtazama yeye, uso kwa uso, macho mekundu kwa hasira. Tangu lori lile lifike alikuwa hajamtazama hivi. Gumba aliona macho ya mumewe yakishuka kutoka kwenye uso wake, yakapita kwenye ile misuko ya nywele, yakarudi.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema Fundi. "Kama una jambo, si ungeniambia?"

"Nikuambie lini? Uliniita, nikaja mbio, ukanipa tochi."

"Gumba, hii ni mashine tu!"

"Kama ni mashine tu, mbona umeumia hivyo?"

Fundi alitazama kile kikombe mkononi mwake kana kwamba kuna mtu amekiweka pale bila kumuuliza, akakitua juu ya karatasi na vingine. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mimi mumeo nakuomba. Hata kama humwombi kaka, niombe mimi. Neno moja tu, yaishe, uendelee kuwa hapa karibu."

Karibu. Gumba alilipima lile neno. Karibu, chumba cha pili, kiti cha kushoto. Alifungua kamba ya aproni mgongoni, akaivua kichwani polepole asiharibu misuko, akaikunja mara mbili, akaiweka mikononi mwa Mama Gundi aliyekuwa ameanza kulia. Hakuinamisha uso. Kama angetubu angelazimika kutamani asingeyafanya, na yeye alikuwa amesimama pale anaangaliwa na mumewe, anaona kabisa kwamba angeyafanya tena, tundu kwa tundu.

"Sindano ya mezani ni yangu, nakwenda nayo," alisema. "Na radhi siombi, Fundi. Si kwa Shemeji, si kwako, si kwa hicho chuma chako. Siombi."